Shajara ya mradi: kumsaka bakteria wa njano anayeozesha kabichi

Swali la mradi

Ukiotesha kipande cha jani la kabichi lenye uozo mweusi, koloni za njano hutokea karibu kila mara. Tunachotaka kujua ni kama hizo ndizo kisababishi cha ugonjwa, au ni wapangaji wa juu ya jani waliojipenyeza baada ya jani kuanza kufa. Mtuhumiwa ni Xanthomonas campestris pv. campestris, ambaye humu tutamwita Xcc (pv., yaani pathovar, ni kundi ndani ya spishi linalotambulika kwa ugonjwa linaouleta). Pammel alimweleza mwaka 1895 na kumwita Bacillus campestris. Jenasi ya Xanthomonas ilianzishwa na Dowson mwaka 1939.

Rangi peke yake haimtambulishi. Pantoea agglomerans, anayeishi juu ya majani ya karibu kila mmea, ni wa njano. Sphingomonas ni wa njano. Curtobacterium pia, na Clavibacter michiganensis anayenyausha nyanya ni wa njano ingawa ni Gram chanya (bakteria wenye ukuta mnene wa seli) na ukoo wake uko mbali kabisa. Kinyume chake, Xanthomonas anayekausha majani ya mihogo ana koloni nyeupe. Kwa hiyo katika mradi huu njano ni sababu ya kuichukua koloni na kuipima, basi. Hatutaandika "Xcc" mbele ya koloni yoyote hadi ipite vipimo vya mezani, izalishe dalili kwenye mche mzima, na itengwe tena kutoka kwenye mche huo.

Wiki ya 1: jani, hadubini na agari

Majani yaliyochaguliwa yana doa la njano lenye umbo la V, pana kwenye ukingo wa jani, ncha ikielekea mshipa mkuu, na ndani yake mishipa myeusi. Umbo hilo linatokana na mlango wa kuingilia. Usiku mizizi husukuma maji mengi kuliko jani linavyoweza kuyavukiza, na alfajiri matone hutokeza kwenye vijitundu vya kingoni viitwavyo haidathodi. Jua likipanda, sehemu ya matone hayo hunywewa tena ndani, na bakteria waliokuwa wakiogelea humo huingia nayo. Kutoka hapo hufuata zailemu, yaani mirija ya kupandishia maji, kuelekea katikati ya jani na baadaye shinani. Gundi wanayoitoa, xanthani, inachangia kuiziba mirija hiyo. (Ndiyo xanthani ile ile inayoandikwa E415 kwenye pakiti za vyakula, viwandani hutengenezwa kwa kumfuga bakteria huyu huyu.)

Doa lililokwisha kukauka halitufai. Limejaa bakteria na kuvu wanaokula mabaki, nao huota haraka kuliko Xcc. Kata mpakani, pale njano inapogusana na kijani, ukihakikisha kipande kina mshipa ulioanza kuwa mweusi.

Kabla ya kuotesha chochote, hadubini. Kipande cha mshipa cha milimita 2 hadi 3 kinawekwa kwenye tone la maji, kinafunikwa na kutazamwa kwa ukuzaji wa mara 100 huku diafragmu ikiwa imebanwa. Mwanga ukiwa mwingi huoni kitu. Mshipa wenye ugonjwa hutoa wingu linalomiminika kutoka kwenye mdomo uliokatwa. Utomvu wa mmea nao hutoka, ila hukoma mapema. Wingu la bakteria huendelea kwa dakika kadhaa na ukilitazama vizuri unaona punje zake zikichezacheza. Kipande kisichotoa wingu hakina haja ya kutumiwa sahani.

Utaratibu wa kutenga:

1. Osha jani kwa maji ya bomba na ulikaushe kwa karatasi.
2. Chovya kipande kwenye sodiamu haipokloraiti ya asilimia 0.5 kwa dakika 1, kisha suuza mara 3 kwa maji yaliyopitishwa otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu).
3. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5, viweke kwenye mililita 0.5 ya maji ya otoklevu, vikatekate kwa wembe uliochomwa moto, na uache vitulie dakika 10.
4. Chora kwa kitanzi cha waya kwenye sahani ya agari (chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli) iliyokauka juu, ukibadilisha upande na kuchoma kitanzi baada ya kila robo ya sahani.

Makosa ya kawaida yako hatua ya pili na ya tatu. Jani la kabichi changa ni jembamba. Likikaa dakika 5 kwenye haipokloraiti, dawa huingia kwenye kingo zilizokatwa na kuua hata waliomo ndani, halafu sahani tupu inasomwa kana kwamba mmea ni mzima. Na dakika 10 za kusubiri si za mapambo: bakteria wamenaswa kwenye gundi yao wenyewe, wanahitaji muda wa kutoka.

Tunatumia agari za aina 2 sambamba. Ya kwanza ni YDC, kwa lita moja: dondoo ya hamira gramu 10, glukosi gramu 20, kalsiamu kaboneti laini gramu 20, agari gramu 15. Kazi ya kaboneti ni kuzima asidi inayotokana na glukosi. Bila hiyo bakteria hujiua kwa asidi yao ndani ya siku chache. Tabu yake ni kwamba haiyeyuki. Ukimimina mara tu chupa inapotoka kwenye otoklevu, chokaa yote hubaki chini na sahani za mwisho ndizo zinazoipata. Poza hadi karibu nyuzi 50, tikisa chupa kwa mzunguko bila kuitia mapovu, na endelea kuitikisa kati ya sahani na sahani. Glukosi tunaipitisha otoklevu kwenye chupa yake, nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha tunaichanganya. Ikipikwa pamoja na dondoo ya hamira inaungua, agari inakuwa ya kahawia na njano haisomeki vizuri.

Ya pili ni agari ya virutubisho ya kawaida iliyoongezwa wanga unaoyeyuka gramu 10 kwa lita, sefaleksini miligramu 50 na nistatini miligramu 35. Sefaleksini hupunguza bakteria wengine wengi, nistatini huzuia kuvu. Dawa zote mbili zinaingia agari ikiwa imeshapoa hadi nyuzi 50, si kabla.

Sahani zimegeuzwa juu chini kwenye inkubeta ya nyuzi 28.

Wiki ya 1, mwishoni: usomaji wa saa 24 na saa 72

Usomaji wa saa 24 ndio unaorukwa na watu wengi, nao ndio wenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Koloni yoyote ya njano inayoonekana wazi ndani ya saa 24 huwekewa nukta ya kalamu nyekundu nyuma ya sahani. Xcc hana haraka hiyo: kwa nyuzi 28 huanza kuonekana kama vitone kwenye saa 48, na sura yake kamili huja saa 72. Ukisoma saa 72 peke yake, Pantoea na Xcc wote ni wa njano, wote wana kamasi, na huna tena namna ya kujua nani alitangulia.

Koloni zilizochukuliwa, kwa namba zitakazotumika hadi mwisho wa shajara:

K1: njano, ilionekana saa 24, bapa kiasi.
K4: njano nzito, saa 72 ina kuba na kamasi inayong'aa, uwazi mpana wa wanga pembeni (eneo ambako wanga wa agari umemeng'enywa).
K5: njano ya kuelekea chungwa, ndogo, haina kamasi.
K6: kwa macho ni pacha wa K4, ila uwazi wa wanga ni mwembamba.
K7: njano ya kijani, na rangi imesambaa ndani ya agari.

K7 imeondoka mapema. Njano ya Xanthomonas imefungwa kwenye utando wa seli na haisambai kwenye agari. Rangi inayosambaa ni dalili ya Pseudomonas, na kweli kwenye King's B, agari ya kuonyesha rangi zinazowaka za Pseudomonas, chini ya taa ya urujuanimno K7 iliwaka.

Wiki ya 2: vipimo vya haraka

Koloni zote zimesafishwa kwa kuchorwa upya, kila mara kutoka koloni moja iliyokaa peke yake. Xcc kwenye YDC ana hila moja: gundi yake hubeba bakteria wengine waliojificha chini, hivyo koloni inayoonekana safi inaweza kuwa na wawili. Usafishaji ufanyike kwenye agari ya virutubisho isiyo na glukosi, ambako gundi ni kidogo. YDC ibaki kwa ajili ya kutazama sura.

*Potasiamu haidroksaidi asilimia 3.* Tone moja kwenye kioo, koloni inakorogwa humo kwa kijiti, kisha kijiti kinainuliwa. Bakteria wa Gram hasi, mwenye ukuta mwembamba, hupasuka, DNA yake hutoka na kufanya uzi unaovutika. Lakini bakteria mwenye gundi nyingi huvuta uzi hata kwenye maji matupu, na Clavibacter, ambaye ni Gram chanya, anaweza kukupa jibu la uongo kwa njia hiyo. Dawa yake ni tone la pili la maji pembeni kama kilinganishi, na koloni ya saa 24 hadi 48 kutoka agari isiyo na glukosi. K1, K4 na K6 zilivuta uzi kwenye potasiamu na hazikuvuta kwenye maji. K5 haikuvuta popote. Hadubini ilionyesha vijiti vifupi visivyolingana. Ni Gram chanya na imetoka kwenye orodha.

*Oksidesi.* Hiki ni kimeng'enya kinachogeuza dawa ya kipimo kuwa zambarau. Xcc ni hasi, au dhaifu sana na wa kuchelewa. Paka kwa kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki. Waya wa nikromu una chuma, na chuma peke yake hugeuza dawa kuwa zambarau. Koloni ya YDC isitumike hapa pia, asidi huvuruga jibu. K1, K4 na K6 zote hasi, kwa hiyo kipimo hiki hakikutenganisha kitu. Katalesi, kimeng'enya kingine, nayo chanya kwa zote.

*Hewa au bila hewa.* Hiki ndicho kipimo kilichofanya kazi kubwa. Agari laini ya Hugh na Leifson, kwa lita: peptoni gramu 2, chumvi ya kawaida gramu 5, potasiamu fosfeti gramu 0.3, agari gramu 3, rangi ya bluu ya bromothimoli (hugeuka njano penye asidi) gramu 0.03, glukosi gramu 10, pH 7.1. Kila uzao unachomwa kwenye mirija 2 hadi chini, mmoja unaachwa wazi na mwingine unafunikwa na sentimita 1 ya mafuta ya parafini yaliyosafishwa kwa joto. Mirija ichemshwe dakika 10 na kupozwa haraka kabla ya kuchomwa, la sivyo hewa iliyoyeyuka ndani itafanya mrija uliofunikwa uonekane kama ulio wazi.

Xanthomonas hawezi kuishi bila hewa, kwa hiyo hugeuza njano mrija ulio wazi tu, kuanzia juu, tena taratibu na kwa unyonge. Pantoea huchachusha, hugeuza mirija yote miwili, na mara nyingi saa 24 hadi 48 zinatosha. K1 iligeuza yote miwili. Yule aliyekuwa na nukta nyekundu tangu siku ya kwanza ameondoka kwa sababu iliyotarajiwa. (Sahani za Pantoea zishikwe kwa glovu na mtu mwenye kidonda mkononi asizishike kabisa: Xanthomonas hamdhuru binadamu, lakini Pantoea agglomerans ameshatengwa kwenye majeraha ya miiba.)

Kwa K4 na K6, mirija iangaliwe hadi siku ya 14 kabla ya kuandikwa hasi. Peptoni ikivunjwa hutoa amonia inayozima asidi kidogo ya Xanthomonas, na kipindi fulani juu ya mrija panaweza kuwa bluu badala ya njano.

*Wanga.* Sahani inamwagiwa iodini ya Lugol. K4 ina uwazi mpana, K6 mwembamba. Zote mbili chanya kitaalamu, lakini tofauti hii imeandikwa kwa sababu inaweza kuwa na maana baadaye.

Wiki ya 3: njano yenyewe

Rangi ya Xanthomonas si karotenoidi kama ya Pantoea. Inaitwa xanthomonadini, mnyororo mrefu wa kaboni uliounganishwa na pete yenye bromini, na kazi yake mojawapo ni kumkinga bakteria dhidi ya madhara ya mwanga. Kwa sababu jamii hiyo ya rangi haipatikani ovyo kwa bakteria wengine, kuitambua kunakaribia kuwa kitambulisho cha jenasi. Cha jenasi, si cha ugonjwa.

Uzao wa saa 48 hadi 72 unakwanguliwa kutoka sahani nzima, unatiwa kwenye mililita 3 za methanoli ndani ya mrija wenye kifuniko cha skrubu, na kuwekwa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 10. Methanoli huchemka karibu na hapo hapo, hivyo kifuniko kikazwe, mwali wowote wa moto uwe umezimwa, na kazi ifanyike chini ya kabati la hewa. Sentrifuji hushusha mabaki meupe chini na kuacha kimiminiko cha njano juu. Taa zipunguzwe tangu hatua hii, rangi hupauka mwangani.

Kwenye spektrofotometa, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, kutoka nanomita 350 hadi 550, xanthomonadini ndani ya methanoli ina kilele karibu na 445 na mabega pande zote mbili, karibu na 420 na 468. Karotenoidi ya Pantoea ina vilele vilivyo jirani mno na hivyo. Anayesoma namba ya kilele kikuu tu atachanganya. Ndiyo maana tukaongeza bamba la silika: tone la rangi chini, methanoli kama kipandishi, gizani. Doa la njano linalosimama kwenye Rf (umbali lililopanda doa ukigawanywa kwa ule wa kipandishi) ya 0.42 hadi 0.49 linahesabiwa kuwa la xanthomonadini. K4 na K6 zilisimama humo. K1, iliyopakwa kama kilinganishi, haikusimama humo.

Hapa ndipo mtu mwenye haraka angefunga daftari. Tunao wawili, wote Xanthomonas, wote kutoka kwenye doa la V.

Wiki ya 4 hadi ya 6: miche

Miche ya kabichi ya aina inayojulikana kushambuliwa, yenye majani 3 hadi 4 ya kweli. Uzao wa saa 24 hadi 48 kutoka agari ya virutubisho unachanganywa na maji ya otoklevu hadi msomo wa 0.1 kwenye nanomita 600, ambao kwa Xanthomonas ni karibu seli milioni 100 kwa mililita. Usomaji huu ukaguliwe kwa kuhesabu koloni, kwa kuwa gundi huongeza ukungu bila kuongeza seli: kama mililita 0.1 ya mchanganyiko uliopunguzwa mara 100,000 itatoa koloni 100, basi mchanganyiko wa asili una seli 100 × 10 × 100,000, yaani milioni 100 kwa mililita.

Uambukizaji: sindano iliyochovywa inachoma mishipa midogo karibu na ukingo, mahali 6 kwa jani, majani 2 kwa mche. Kundi la pili halichomwi. Mimea inafunikwa mfuko usiku kucha ili itoe matone kingoni, na alfajiri matone yanaguswa kwa ncha ya pipeti yenye bakteria. Njia hii ya pili ni ya polepole na huwa na miche inayokosa kuambukizwa, lakini ndiyo inayofanana na ya shambani. Kila zamu ina miche ya maji matupu na miche ya Xcc anayejulikana. Bila huyo wa mwisho, jani safi halisemi kitu, maana hujui kama uzao hauna madhara au chumba hakifai.

Chumba ni nyuzi 25 hadi 30, mifuko ya plastiki juu ya miche kwa saa 48 za kwanza. Chumba kikiwa cha baridi, Xcc huingia kwenye mishipa na kukaa kimya. Mche unaambukizwa bila kuonyesha dalili na unaandikwa mzima.

Usomaji ulioandikwa:

K4, sindano: umanjano kuzunguka michomo, ukapanuka kuwa V, mishipa ikawa myeusi ikielekea mshipa mkuu. Sawa na Xcc anayejulikana.
K4, matone: dalili ile ile, ila zimechelewa na si kwenye kila jani.
K6, sindano: kovu kavu la mchomo, halijapanuka. K6, matone: hakuna kitu.
Maji: kovu kavu.

K6 ni Xanthomonas halali ambaye hadhuru kabichi. Wapo wengi wa namna hii juu ya majani na mbegu, wenye njano, gundi na Rf ile ile, na kila orodha ya vipimo vya mezani itawapitisha. Maabara inayoishia kwenye rangi itakataa mbegu nzima kwa ajili ya K6.

Ukungu mwepesi wa bakteria ukinyunyiziwa jani zima husaidia kutambua jambo jingine: Xanthomonas campestris pv. raphani hupitia stomata, vijitundu vya kupumulia vya jani, na kuacha madoadoa katikati ya jani badala ya V za kingoni. Tulinyunyizia K4, madoadoa hayakutokea.

Utengaji wa mara ya pili umefanywa kwenye mshipa mweusi ulio angalau sentimita 2 kutoka kwenye mchomo, upande wa mshipa mkuu. Ukikata penye mchomo wenyewe unarudisha tu bakteria uliowapaka. Koloni zilizorudi zimepita njia yote upya na zinalingana na K4.

PCR, kipimo kinachonakili kipande maalumu cha DNA, imefanywa kama nyongeza. Jeni inayolengwa ni hrpF, sehemu ya mfumo ambao bakteria hutumia kuingiza protini zake ndani ya seli za mmea, na kipande kinachotarajiwa kina urefu wa jozi za besi 619. K4 ilitoa mkanda huo, K6 haikutoa. Kikwazo cha PCR hapa ni gundi tena: xanthani huzuia kimeng'enya kufanya kazi na jibu linatoka hasi kwa mwenye ugonjwa. Chukua kiasi kidogo cha koloni kutoka agari isiyo na glukosi, kiasi cha kichwa cha pini, kitie kwenye mikrolita 100 za maji, nyuzi 95 kwa dakika 10, zungusha, kisha punguza mara 10. Kila sampuli iwe na jaribio la pili la jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo. Nayo ikikataa, tatizo ni sampuli.

Wiki ya 7: mbegu

Xcc husafiri kwenye mbegu, juu ya ganda na ndani yake. Mbegu 3 zenye ugonjwa kati ya 10,000 zinatajwa kuwa zinatosha kuanzisha mlipuko, kwa sababu kitaluni miche inabanana na maji ya kumwagilia huruka kutoka jani hadi jani. Ukubwa wa sampuli unapangwa na hesabu hiyo. Utaratibu wa ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, unatumia mbegu 30,000 kwa mafungu 3 ya 10,000. Mbegu moja kati ya 10,000 ikiwa na bakteria, sampuli ya 30,000 itaikosa kwa takriban asilimia 5. Sampuli ya 1,000 itaikosa kwa takriban asilimia 90. Anayeotesha mbegu 1,000 na kutangaza kuwa ni safi hajapima chochote.

Mbegu hazihesabiwi moja moja. Hesabu 1,000, pima uzito, zidisha: zikiwa gramu 3.5, fungu la 10,000 ni gramu 35.

Kila fungu linatiwa mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yenye Tween 20 (aina ya sabuni) ya asilimia 0.02, kwenye kitikisio kwa saa 2.5, joto la chumba. Tween hulegeza bakteria walioshika ganda. Kisha mililita 0.1 ya maji hayo, na ya yale yaliyopunguzwa mara 10 na mara 100, inatandazwa kwenye agari ya wanga. Fungu la nne linachanganywa kwa makusudi na kiasi kidogo cha K4. Kama K4 haonekani kwenye sahani za fungu hilo, ina maana wakazi wengine wa mbegu wanamfunika, na mafungu mengine 3 hayawezi kuandikwa hasi.

Fungu la nne limemwonyesha K4 kwenye sahani za mara 10 na mara 100 tu; sahani isiyopunguzwa ilikuwa zulia la bakteria wengine. Kwenye mafungu halisi tumechukua koloni M2 na M3, njano, zenye uwazi wa wanga, zilizochelewa kuonekana. M3 iligeuza mirija yote miwili ya Hugh na Leifson na imeondolewa. M2 ilipita mezani, ikatoa mkanda wa 619, na kwenye miche imetoa V.

Wiki ya 8: maji ya moto

Haipokloraiti husafisha ganda tu. Kwa aliye ndani ya mbegu, kinachofaa ni joto, na nafasi kati ya kumuua bakteria na kuua kiinitete ni finyu. Kwa kabichi ni nyuzi 50 kwa dakika 25. Kwa brokoli na koliflawa, nyuzi 50 kwa dakika 20.

Mbegu ziko kwenye mfuko wa kitambaa kilicholegea, zimejaza nusu tu ili maji yapite. Kwanza maji ya nyuzi 37 kwa dakika 10, zipate joto bila kupoza beseni kuu. Kisha beseni la nyuzi 50 lenye kikorogeo, mfuko ukiwa umezamishwa na kusogezwasogezwa, maana hewa iliyonaswa humo huacha mbegu za katikati zikiwa baridi. Mwisho maji baridi dakika 5 na kutandazwa zikauke siku hiyo hiyo. Kipimajoto kilinganishwe kwanza na kingine kinachoaminika: kikisoma pungufu kwa nyuzi 2, beseni lako ni la 52 na mbegu zinapikwa, kikisoma zaidi kwa 2, uko kwenye 48 na bakteria wanabaki.

Mbegu kuukuu, zilizopasuka au zilizokwisha kutibiwa mara moja zisiingizwe. Kabla ya kutia shehena yote, mbegu 400 kwa mafungu 4 ya 100 zinaoteshwa kwenye karatasi yenye unyevu, zilizotibiwa na zisizotibiwa, na kuhesabiwa siku ya 5 na ya 10. Hesabu ya siku ya 5 ndiyo inayofichua joto lililozidi: mbegu hazijafa, ila zinachelewa na baadhi hutoa mzizi bila shina. Shehena yetu ilichelewa kidogo siku ya 5 na kulingana na isiyotibiwa siku ya 10, kwa hiyo tiba imekubaliwa.

Upimaji baada ya tiba unafanywa kwa sahani, si kwa PCR peke yake. DNA ya bakteria waliokufa ingali kwenye ganda na mkanda wa 619 utatokea kama kawaida. Sahani za shehena iliyotibiwa zina koloni nyeupe nyingi na za njano chache. Hizo za njano zote zilikuwa na nukta nyekundu za saa 24.

Uhifadhi, na yanayoendelea

K4, K6 na M2 ziko kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri, na nakala kwenye maji ya otoklevu kwenye joto la chumba. Nakala za YDC hazitegemewi zaidi ya wiki chache. Miche yote iliyoambukizwa, udongo na mifuko yake vimepitishwa otoklevu kwa nyuzi 121 kabla ya kutupwa.

M2 na K4 zinalinganishwa kwa kuambukiza aina kadhaa za kabichi, koliflawa na tanipu ili kuona kama ni rasi moja, yaani kundi moja la Xcc linaloshambulia aina zile zile za mimea. K6 haitupwi. Kuanzia sasa inaingia kwenye kila zamu ya upimaji wa mbegu kama kilinganishi hasi: msomaji anapewa sahani za K4 na K6 bila majina, na akiandika "Xcc" kwenye zote mbili kwa kutazama, sahani zake za zamu hiyo zinarudiwa kwenye miche.